Ukibaguliwa kwa kuwa wewe ni mkimbizi: sheria inasemaje, nawe ufanye nini?



Katika kazi yangu ya kupita nyumba kwa nyumba hapa kambini, kuna swali moja linalonirudia kila wiki. Wanaouliza ni hasa wale waliopata karatasi ya ruhusa ya kutoka, wakaenda Bujumbura kwa matibabu, kumsalimia ndugu au kutafuta kibarua, kisha wakarudi na moyo mzito. Wanasema: "Tumekataliwa kwa sababu sisi ni wakimbizi. Je, kuna sheria inayotulinda, au tunyamaze tu?"

Jibu fupi ni hili: sheria ipo, tena si moja. Lakini sheria haitembei yenyewe ikaja kugonga mlango wa mtu. Inataka mtu aijue, awe na karatasi mkononi, na awe na shahidi. Tutaeleza hayo matatu hapa, na pia jambo la nne ambalo hatupendi kulizungumza: ubaguzi tunaofanyiana sisi kwa sisi.

YALIYOTUPATA CIBITOKE

Naomba nianze na habari ya nyumbani kwetu. Kabla ya kuletwa kambini tulikaa Cibitoke. Sisemi juu ya mkoa wa zamani wa Cibitoke ulio mpakani mwa Kongo. Nasema juu ya mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa mji wa Bujumbura, katika komini ya Ntahangwa, jirani na Kamenge, Kinama na Ngagara. Wakongomani wengi wamepanga huko.

Nilikuwa na miaka 12. Tulipanga chumba kimoja katika ua wenye wapangaji wengi. Vyumba vyote vilikuwa sawa, lakini Warundi walilipa bei moja na sisi tulilipa zaidi. Mama alipouliza sababu, mwenye nyumba alimjibu: "Ninyi Wakongomani mnalipiwa na HCR." Hakuna mtu aliyekuwa akitulipia. Baadaye mama alilipa miezi mitatu kwa mpigo, mkono kwa mkono, bila risiti. Hata mwezi haujaisha, tukaambiwa tuhame kwa kuwa mpangaji mwingine anakuja. Fedha hazikurudi.

Mama alikwenda kwa shefu wa kartie. Yule mzee alimpokea vizuri, hakumtukana wala hakumfukuza. Alimwuliza maswali mawili tu: "Risiti iko wapi? Na nani alikuona ukilipa?"

Risiti haikuwapo. Shahidi alikuwapo mmoja. Katika ua ule alikaa mama mmoja Munyamulenge. Siku ile ya malipo alikuwa anafua nguo mlangoni kwake, na aliona fedha zikihesabiwa. Lakini sisi hatukuwa tukisemezana naye. Tangu alipohamia, wazazi wetu na majirani wengine waliotoka Uvira walitukataza kucheza na watoto wake. Kwenye foleni ya maji ndoo yake ilikuwa inasukumwa nyuma kila siku, na hakuna mtu wa kwetu aliyekemea. Mama yangu aliona haya kwenda kumwomba amsaidie. Tulihama jioni ile, magodoro kichwani.

Nimekua nikilikumbuka jambo hilo. Tulibaguliwa, na sisi wenyewe tulikuwa tumebagua. Yote mawili yalitugharimu.

UBAGUZI NI NINI?

Ubaguzi ni kumnyima mtu kitu anachostahili, au kumtendea vibaya, si kwa jambo alilolifanya bali kwa jinsi alivyo au alikotoka: kabila lake, nchi yake, lugha yake, dini yake, rangi yake, ulemavu au ugonjwa wake, au kwa kuwa ni mwanamke. Chuki dhidi ya wageni ni ndugu wa ubaguzi. Hapo mtu anatukanwa, anapigwa au anafukuzwa kwa sababu tu anaonekana kuwa mgeni.

Lakini si kila anayekukataa amekubagua. Tazama mifano hii:

- Mkuu wa shule akidai karatasi ya kuzaliwa kwa watoto wote, huo ni utaratibu wa shule. Akiidai kwa watoto wa Kikongomani peke yao, na Warundi wasio nayo akawapokea, huo ni ubaguzi.
- Mwenye nyumba akimkataa mtu asiye na fedha za kulipa, ni haki yake. Akimkataa mwenye fedha kwa kusema "hapa hatutaki wakimbizi", huo ni ubaguzi.
- Hapa kambini, mlemavu, mzee au mama mjamzito akipitishwa mbele siku ya mgao, hajapendelewa. Amesaidiwa ili apate kile ambacho wengine wanakipata bila shida.

Kipimo ni kuuliza swali moja: je, mtu mwingine aliye katika hali kama yangu, lakini asiye mkimbizi, angetendewa hivi? Ikiwa jibu ni hapana, unayo sababu ya kulalamika.

SHERIA ZINAZOTULINDA

1. Katiba ya Burundi ya mwaka 2018. Kifungu cha 22 kinakataza mtu yeyote kubaguliwa kwa asili yake, kabila, jinsia, rangi, lugha, hali yake ya maisha, dini, mawazo ya kisiasa, ulemavu au ugonjwa. Angalieni vizuri: kinapokataza ubaguzi hakisemi "raia yeyote", kinasema mtu yeyote. Katiba hiyo pia inaahidi kwamba mgeni aliye katika nchi hii analindwa, yeye na mali yake. Tena kifungu cha 19 kinaingiza mikataba mikubwa ya haki za binadamu ndani ya Katiba yenyewe.

2. Sheria ya Burundi juu ya ukimbizi, ya tarehe 13 Novemba 2008. Ndiyo inayoeleza nani ni mkimbizi, namna ya kuomba, na namna ya kukata rufaa ukikataliwa. Kazi hiyo iko mikononi mwa ofisi ya serikali inayoitwa ONPRA, iliyo chini ya wizara ya mambo ya ndani.

3. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 juu ya wakimbizi. Burundi ilijiunga nao mwaka 1963. Kifungu cha 3 kinataka wakimbizi wote watendewe sawa, bila kutazama kabila, dini wala nchi waliyotoka. Kifungu cha 16 kinampa mkimbizi haki ya kwenda mahakamani. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini.

4. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Huu ni wa kwetu Waafrika. Unakubali kwamba mtu aliyekimbia vita na fujo ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemtafuta kwa jina lake. Kifungu cha 4 kinakataza kuwabagua wakimbizi kwa kabila, dini, taifa, kundi au siasa.

5. Hati ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya mwaka 1981. Kifungu cha 2 kinakataza ubaguzi. Kifungu cha 12 kinakataza kuwafukuza wageni kwa makundi kwa sababu ya taifa au kabila lao. Kifungu cha 28 kinatuhusu sisi raia na wakimbizi pamoja: kila mtu ana wajibu wa kumheshimu mwenzake bila ubaguzi.

6. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi wa rangi wa mwaka 1965, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1977. Msidhani unahusu weusi na weupe tu. Unataja pia asili na kabila.

7. Sheria ya makosa ya jinai ya Burundi, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2017. Kuchochea chuki ya kikabila ni kosa, na mwenye kufanya hivyo anaweza kufungwa. Kumpiga mtu, kumwibia au kumchomea nyumba ni kosa vilevile, awe Mrundi au mgeni.

MAMBO AMBAYO SHERIA HAIKUTUPA

Si vizuri kudanganyana. Burundi ilipojiunga na mikataba ya wakimbizi iliweka masharti yake. Juu ya kazi za mshahara, ilisema itavichukua vifungu hivyo kama mapendekezo, si kama amri, na juu ya shule ya msingi, ilikubali kwa shule za serikali tu. Juu ya uhuru wa kutembea, ilisema mkimbizi asichague kukaa eneo linalopakana na nchi aliyotoka, wala asifanye vitendo vya kuichokoza nchi hiyo. Ndiyo maana kambi za Gasorwe, Musasa, Bwagiriza na Kavumu zimewekwa mbali na mpaka wa Kongo. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1969 nao unataka wakimbizi wakae mbali na mpaka kwa ajili ya usalama wao.

Lakini sharti moja halifungi milango yote. Kwa mfano, Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mkataba huo unataka elimu ya msingi kwa kila mtoto bila ubaguzi. Kwa kifungu cha 19 cha Katiba, nao umeingia katika Katiba. Kwa hiyo mtoto wetu hakosi pa kusimama.

Tena kumbukeni kwamba sisi nasi tunadaiwa. Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Geneva kinasema mkimbizi lazima afuate sheria za nchi iliyompokea. Anayeiba, anayepiga au anayebeba silaha hawezi kujificha nyuma ya kadi ya ukimbizi.

MASWALI MNAYOULIZA

Swali: Nikipanga chumba Cibitoke au mtaa mwingine, nijilindeje?

Jibu: Andikiana na mwenye nyumba, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari. Andikeni majina, bei, tarehe na saini, na mtu wa tatu atie saini kama shahidi. Kila ukilipa, dai risiti. Akikataa kuandika, lipa mbele ya mtu. Hakikisha pia umeandikwa katika daftari la wakazi wa nyumba, lile wanaloliita kaye ya menaji. Polisi huliuliza wanapofanya msako. Asiyeandikwa humo hushukiwa upesi, na mgeni hushukiwa kuliko wote.

Swali: Nimefanya kibarua cha ujenzi siku sita. Tajiri ananiambia, "Wewe mkimbizi, nenda ukanishtaki." Je, nimepoteza?

Jibu: Hujapoteza. Kupewa kazi ni jambo moja, kulipwa kazi iliyokwisha kufanywa ni jambo jingine. Kifungu cha 24 cha Mkataba wa Geneva kinataka mkimbizi anayekaa nchini kwa halali atendewe kama raia katika malipo na masaa ya kazi. Andika siku ulizofanya, mahali, na majina ya wenzako mliokuwa nao. Wenzako Warundi wakikubali kusema ukweli, shauri lako lina nguvu maradufu.

Swali: Askari amenisimamisha barabarani, ananiambia Wakongomani wote ni waasi.

Jibu: Usibishane wala usikimbie. Onyesha kadi yako ya ukimbizi, au hati ya mwombaji wa ukimbizi, pamoja na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Ndiyo sababu tunawakumbusha kila mara: msitoke bila karatasi hiyo, na msiache tarehe yake ipite. Ukipelekwa kituoni, uliza kwa adabu kosa lako ni lipi, na omba ONPRA au HCR wajulishwe. Shika akilini mahali, saa, na jina la kituo.

Swali: Mtoto wangu anaitwa majina mabaya darasani, na hataki tena kwenda shule.

Jibu: Usimpeleke kupigana. Nenda wewe mzazi kwa mwalimu, kisha kwa mkuu wa shule. Ukiweza nenda na mzazi mwingine, na afadhali awe Mrundi. Eleza neno lililosemwa, siku na mtoto aliyelisema. Mara nyingi watoto hurudia waliyoyasikia nyumbani, na wazazi wa pande mbili wakikaa pamoja jambo linakwisha. Lisipokwisha, lete habari kwetu huduma za jamii.

Swali: Nikilalamika, si watanifukuza Burundi?

Jibu: Hapana. Kulalamika si kosa. Mkimbizi hafukuzwi nchini kwa sababu amedai haki yake. Lakini sema ukweli mtupu. Mtu mmoja akitunga uongo, kumi watakaokuja nyuma yake na ukweli hawataaminiwa.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, andika. Jioni ileile, kabla hujalala, andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na majina ya waliokuwapo. Usiyejua kuandika, mwendee kijana aliyesoma. Weka pamoja risiti na karatasi zote.

Pili, anza na walio karibu. Mtaani kuna nyumbakumi, kisha shefu wa kartie, kisha ofisi ya zoni. Wako pia wazee wa baraza, Bashingantahe, ambao Warundi huwaheshimu tangu zamani kwa kusuluhisha. Magomvi ya nyumba, ya maji na ya madeni madogo mengi huishia hapo. Hapa kambini anza na kiongozi wa mtaa wako na kamati ya wakimbizi.

Tatu, likiwa ni jambo la kupigwa, kuibiwa, kubakwa au kutishwa kuuawa, usipite kwa wazee. Nenda polisi na hospitali siku ileile, ukadai hati ya daktari. Mambo hayo hayasuluhishwi kwa mbuzi wala kwa kreti ya bia.

Nne, peleka habari ONPRA na HCR, au kwa shirika linalofanya nao kazi ya msaada wa sheria. Hao wanaweza kukupa mshauri na kukusindikiza.

Tano, kuna milango mingine miwili ya serikali. Tume huru ya taifa ya haki za binadamu, inayoitwa CNIDH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na inapokea malalamiko ya mtu yeyote bila malipo. Ofisi ya Ombudsman inapokea malalamiko dhidi ya watumishi wa serikali, si dhidi ya mtu binafsi. Kwa hiyo ukionewa na mwenye nyumba usiende huko. Ukionewa na karani wa serikali, nenda.

Sita, kuna mahakama. Ya chini kabisa ni ile inayoitwa tribinali ya rezidansi. Huko ndiko hupelekwa madai madogo na mashauri ya kutolewa katika nyumba. Mkimbizi anaruhusiwa kushtaki huko kama mtu mwingine.

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Huenda utasema hayo ni maneno ya karatasi tu. Tazama yaliyotokea Kenya. Mwezi wa Desemba 2012 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaokaa mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Shirika la Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi kadhaa wa Nairobi walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja aliifuta amri ile, akisema inavunja utu wa wakimbizi na uhuru wao wa kutembea. Ni kweli kwamba mwaka 2014 amri kama hiyo ilitolewa tena, na safari ile mahakama haikuizuia. Basi ushindi wa mahakamani si wa milele. Lakini kwa miezi kadhaa watu walibaki majumbani mwao na watoto walibaki shuleni, kwa sababu wachache walikuwa na vitambulisho, walikuwa na wakili, na walikubali kutia saini.

Afrika Kusini nako kuna funzo. Nchi hiyo ina sheria ya mwaka 2000 ya kuzuia ubaguzi, na mahakama maalumu za usawa. Humo mlalamikaji akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, anayeshtakiwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hapa Burundi hatuna mahakama ya namna hiyo. Tunapita katika mahakama za kawaida. Na bado sheria ile nzuri haikuzuia yaliyotokea mwezi wa Mei 2008. Fujo zilianzia Alexandra, mjini Johannesburg, wageni wakapigwa na kuchomewa nyumba. Watu zaidi ya 60 waliuawa. Karibu theluthi moja yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Chuki ikishawaka haisomi kitambulisho. Inamchoma hata aliyeiwasha.

NA SISI KWA SISI

Sasa nafika kwenye jambo la nne. Wengi wetu tunajua jina la Gatumba. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu wenye silaha waliingia katika kambi ya muda ya Gatumba, kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo. Waliua wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, na wengi wao wanawake na watoto. Mahema ya Warundi waliorejea kutoka uhamishoni, yaliyokuwa papo hapo, hayakuguswa. Wauaji walichagua mahema. Kundi la Palipehutu-FNL lilitangaza kwamba ndilo lililofanya.

Kuua watu namna ile hakuanzi na bunduki. Huanza na ndoo iliyosukumwa nyuma kwenye foleni. Huanza na mtoto anayekatazwa kucheza na mwenzake, na neno "wale" linalosemwa kila siku hata watu wasahau kwamba wale wana majina.

Mwaka 2025 makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Kivu Kusini wakikimbia vita. Wengine wameletwa katika kambi. Wamekuja Wafuliru, Wabembe, Wavira, Washi, Banyamulenge na wengineo, na kila mmoja amekuja na majeraha yake. Wakati wa vita ni rahisi kumshuku mtu kwa pua yake au kwa lugha yake. Nimesikia hapa kambini watu wakisema fulani asipewe kibanda karibu na bomba, fulani asichaguliwe katika kamati, kwa sababu ya kabila lake. Ndugu zangu, sheria zilezile nilizozitaja juu zinakataza na hayo. Kifungu cha 28 cha Hati ya Afrika hakikuandikwa kwa ajili ya Warundi peke yao. Tukienda kwa shefu wa kartie tukidai usawa, na huku nyumbani tunanyimana maji, tutasema kwa mdomo gani?

Warundi wenyewe wamepita njia hiyo. Katika vita vya miaka ya 1990, mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura iligawanyika kwa kabila. Cibitoke ilikuwa moja ya mitaa hiyo, na watu walihama nyumba walizozijenga. Hata hivyo, katika mitaa hiyohiyo Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Wasaveriani, kiliendelea kuwakusanya vijana wa Kihutu na wa Kitutsi kwa michezo, masomo na mikutano. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Hawakungoja vita viishe ndipo waanze kuongea.

KWA KUMALIZA

Tukumbuke mambo manne:

- Sheria inamlinda mkimbizi, lakini ina mipaka yake. Ijue yote.
- Karatasi ni ulinzi: kadi, ruhusa ya kutoka, mkataba wa nyumba, risiti.
- Anza na walio karibu, lakini mambo ya damu na ya ubakaji peleka polisi na hospitali mara moja.
- Jirani yako wa leo ndiye shahidi wako wa kesho. Usimsukumie ndoo.

Miaka michache iliyopita nilimkuta hapa kambini mtoto mmoja wa yule mama wa Cibitoke. Sasa ni mtu mzima na ana watoto. Nilimwambia habari ya ile siku ya kulipa. Akasema: "Mama aliwangoja mje kumwuliza. Alikuwa tayari kusema." Sikuwa na la kumjibu. Kwa hiyo nimeiandika hapa, ili mwingine asichelewe kama sisi.

Mwenye swali afike kwenye ofisi ya huduma za jamii ya kambi, au anisimamishe ninapopita. Ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe wala usifungie karanga. Msomee jirani asiyejua kusoma, kisha umpe mwingine.